Kiwanuka, Jaji Mkuu aliyechukuliwa kutoka mahakamani

Benedicto Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 huko Masaka, Buganda. Alitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, akawa mkalimani wa Mahakama Kuu, kisha akasoma Basutoland, sasa Lesotho, na London. Mwaka 1956 alirejea Kampala akiwa wakili.

Mwaka 1958 alishika uongozi wa chama cha DP. Suala kubwa la siku hizo lilikuwa muundo wa nchi: Uganda iwe na serikali moja, au Buganda iwe na mamlaka yake ndani ya shirikisho? Kiwanuka, Muganda mwenyewe, alisimamia Uganda moja. Waganda wengi waliususia uchaguzi wa Machi 1961, DP ikashinda. Lakini mazungumzo ya London mwaka huohuo yaliipa Buganda hadhi ya shirikisho, na Lukiiko likaruhusiwa kuteua wabunge wake. Aprili 1962 UPC na Kabaka Yekka wakaungana, wakamwondoa madarakani. Milton Obote, aliyenufaika na mpango huo, ndiye aliyeuvunja mwaka 1966. Mwaka 1969 Kiwanuka aliwekwa kizuizini.

Idi Amin alimfungulia Januari 1971, na katikati ya mwaka akamteua Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Septemba 1972 aliamuru mfanyabiashara Mwingereza, Daniel Stewart, aachiwe, kwa kuwa wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumshikilia. Tarehe 21 mwezi huo watu wenye silaha walimchukua kutoka Mahakama Kuu, Kampala. Hakuonekana tena.

Wakati huo Waasia walikuwa wamepewa siku 90 kuondoka. Tangu 1931 Uganda ilikuwa na sheria ya ufilisi: mfanyabiashara akishindwa kulipa, mali yake hukusanywa chini ya mahakama, na wadai hugawiwa kwa utaratibu. Maduka ya waliofukuzwa hayakupitia njia hiyo. Yaligawiwa kwa amri, na wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliopewa.

Sheria ile ya 1931 ilidumu hadi ilipochukuliwa nafasi na Sheria ya Ufilisi ya 2011. Anayevuka leo Busia, Mutukula au Katuna kudai deni lake Kampala bado anahitaji kile alichouawa nacho Kiwanuka: jaji ambaye amri yake inatiiwa hata na mwenye bunduki.