Mohamed Amin: Mpigapicha aliyekulia Dar es Salaam na kuionyesha dunia

Leo ukiwa Kigera unaweza kutoa simu mfukoni, ukapiga picha ya mitumbwi ikirudi ziwani, na ndugu yako aliye Mwanza akaiona kabla samaki hawajashushwa. Zamani haikuwa hivyo. Picha ilihitaji kamera, filamu, na mtu wa kuisafisha. Katika makala haya tunamtazama mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, naye ni Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, katika familia yenye asili ya Asia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na familia ikahamia Dar es Salaam. Huko, akiwa bado mwanafunzi, Mo alipata kamera ya mkono wa pili aina ya Box Brownie. Ilikuwa kamera ya bei ndogo, lakini ndiyo iliyomfungulia njia. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapohapo Dar es Salaam.

Kazi hiyo haikuwa ya starehe. Katika miaka ya 1960 alikamatwa Zanzibar, akakaa gerezani karibu mwezi mmoja na kuteswa. Alipotoka alihamia Kenya. Mwezi Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi, Mo alifika haraka akiwa na kamera yake, na picha zake zikasambaa duniani.

Lakini hakupiga picha za misiba tu. Akiwa Mwislamu, aliweza kuingia Makka, mahali ambapo asiye Mwislamu haruhusiwi. Alipata kibali cha kupiga picha za Hija, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake kiitwacho Pilgrimage to Mecca. Watu wengi ambao wasingeweza kufika kule waliwaona mahujaji wakiizunguka Kaaba. Baadaye akatengeneza vitabu vya safari za nchi mbalimbali vyenye picha za milima, masoko, wafugaji na watoto wa mitaani. Tanzania nayo ina chake, Journey Through Tanzania, cha mwaka 1984.

Mwaka huohuo wa 1984 ndio uliolifanya jina lake lijulikane kila mahali. Mwezi Oktoba alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Walikuta maelfu ya watu wamelala chini kwa njaa, wengine wakifa alfajiri kwa baridi. Mo alipiga picha za video, na vituo zaidi ya 400 vya televisheni vikazirusha. Watu waliokuwa hawajawahi kuisikia Korem walianza kuchanga. Mwaka uliofuata wanamuziki wa Uingereza na Marekani walifanya tamasha kubwa la Live Aid kukusanya fedha za waathirika.

Hapa tunajiuliza swali ambalo hata sisi wa redioni hutusumbua. Je, ni haki kumpiga picha mtu mwenye njaa, asiye na nguvu hata ya kukataa? Wapo wanaosema picha za namna ile ziliifanya Afrika ionekane nchi ya ombaomba. Hoja hiyo ina uzito. Lakini bila picha zile, chakula kingechelewa zaidi, na waliokuwa wakingoja wasingekuwa na muda wa kungoja.

Mwezi Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mo alipoteza mkono wake wa kushoto, na mwenzake aliyekuwa akirekodi sauti, John Mathai, akafariki. Wengi walidhani kazi imekwisha. Alifungiwa mkono wa bandia, akarudi kwenye kamera.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watekaji waliiteka na kumlazimisha rubani aelekee Australia, ingawa mafuta hayakutosha. Ndege ilianguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walifariki, na Mo alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Msikilizaji wetu, wewe nawe sasa una kamera mkononi. Ukikuta ajali barabarani au msiba kwa jirani, kabla hujabonyeza, jiulize picha hiyo itamsaidia nani. Kama itamletea mtu msaada, piga na uifikishe kwa wanaoweza kusaidia. Kama itamwaibisha tu, rudisha simu mfukoni, kisha mpe mkono.