Majigambo ya George Wagner

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kwamba katika majigambo shujaa hujisifu ili watu wamstahi. George Wagner, mwanamieleka Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1915 huko Butte, jimbo la Nebraska, alikigeuza kipera hicho juu chini. Alijisifu ili achukiwe.

Wagner alilelewa Houston, Texas, katika ufukara. Kwa miaka mingi alikuwa mwanamieleka stadi, ila hakuwa na kimo wala jina. Mieleka ya kulipwa, yafaa ikumbukwe, ni mchezo ambao mshindi wake hupangwa mapema. Kinachouzwa mlangoni ni hamaki ya mtazamaji. Jambo hilo Wagner alilitambua kuliko wenzake. Katika miaka ya 1940 alijiita Gorgeous George, yaani George Mrembo. Alizitia nywele rangi, akazisokota mawimbi, akawa anaingia ulingoni kwa madaha huku joho likiburura na muziki wa Elgar ukihanikiza. Mtumishi wake alitangulia kunyunyiza manukato, kana kwamba ulingo ungemchafua bwana wake. Watazamaji aliwarushia vibanio vya nywele vya rangi ya dhahabu, akiwadharau kama makabwela. Katika Marekani iliyokuwa imetoka vitani, ambako mwanamume alitarajiwa kuwa mkakamavu, mwendo huo pekee ulikuwa tusi tosha kabla hajafumbua kinywa. Watu walimzomea, kisha wakanunua tiketi tena kwa matumaini ya kumwona akiangushwa. Televisheni, ambayo ilianza kumwonyesha mwaka wa 1947, ilimfikisha katika sebule za nchi nzima.

Mwaka wa 1961 alikutana mjini Las Vegas na bondia wa miaka 19, Cassius Clay, ambaye baadaye aliitwa Muhammad Ali. Clay alikuwa msemaji tangu awali, lakini kwa kukiri kwake mwenyewe, ukumbi aliouona umefurika watu waliokuja kumzomea Wagner ndio uliomfunza thamani ya kuudhi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, somo hilo halikuhamishika lote. Mpinzani wa Wagner alikuwa mshirika katika mchezo wa kuigiza, na kejeli zilikwisha pazia liliposhuka. Joe Frazier hakuwa ameshirikishwa katika mzaha wowote Ali alipomwita sokwe mwaka wa 1975, na uchungu wake ulidumu miaka mingi.

Wagner naye alilipa. Ulevi ulimdhoofisha na ndoa zake mbili zikavunjika. Fedha zilipopungua alikubali kuziweka rehani nywele zake: alinyolewa mbele ya umati jijini Toronto mwaka wa 1959, akanyolewa tena mwaka wa 1962. Alifariki kwa maradhi ya moyo jijini Los Angeles tarehe 26 Desemba 1963, akiwa na umri wa miaka 48. Miezi miwili baadaye, huko Miami Beach, Clay alimshinda Sonny Liston, ambaye alikuwa amemkejeli kwa miezi kadhaa, akatwaa ubingwa wa dunia.