L. T. C. Rolt

Lionel Thomas Caswall Rolt (11 Februari 1910 – 9 Mei 1974), anayejulikana zaidi kama L. T. C. Rolt au Tom Rolt, alikuwa mhandisi na mwandishi kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa sababu mbili. Kwanza, aliandika vitabu vya maisha ya wahandisi wakubwa wa karne ya 18 na ya 19. Pili, aliongoza kundi la watu waliookoa Reli ya Talyllyn huko Wales, ambayo ilikuwa reli ya kwanza duniani kuendeshwa na chama cha watu wa kujitolea baada ya mmiliki wake kufariki. Mfano huo ulifuatwa na reli nyingine nyingi ndogo nchini Uingereza na katika nchi nyingine.

Maisha ya awali

Rolt alizaliwa katika mji wa Chester. Alipokuwa mtoto familia yake ilihamia karibu na mpaka wa Wales, na baadaye katika kijiji cha Stanley Pontlarge, mkoa wa Gloucestershire. Alisoma katika shule ya Cheltenham College, lakini aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 ili ajifunze ufundi. Alianza katika karakana ya mashine za kilimo, mahali ambapo bado zilitumika injini kubwa za mvuke za kulimia.

Baadaye alikuwa fundi mwanafunzi katika kiwanda cha Kerr Stuart mjini Stoke-on-Trent, kilichotengeneza injini za treni. Jamaa yake, Kyrle Willans, alikuwa mhandisi wa kiwanda hicho. Kiwanda kilifilisika mwaka 1930 na Rolt akabaki bila kazi ya kudumu, kama vijana wengi wa miaka ile ya mdororo wa uchumi. Kwa muda alishirikiana na wenzake kuendesha gereji ya magari huko Hampshire. Alikuwa pia kati ya watu wa mwanzo wa klabu ya wapenda magari ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1934.

Maisha kwenye mifereji

Mwaka 1936 Rolt alinunua kutoka kwa Willans boti ndefu na nyembamba ya mifereji, iliyoitwa Cressy. Aliitengeneza iwe nyumba. Mwaka 1939 alimwoa Angela Orred, nao wakaanza safari kwenye mifereji ya kati ya Uingereza. Habari za safari hiyo alizieleza katika kitabu cha Narrow Boat, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1944. Kitabu kilipendwa sana, kwa sababu kilionyesha maisha ya wachukuzi wa boti ambayo yalikuwa yakitoweka.

Msomaji mmoja wa kitabu hicho, mwandishi Robert Aickman, alimtafuta Rolt, na mwaka 1946 wakaunda pamoja na wengine chama cha kutetea njia za maji, Inland Waterways Association. Ushirikiano wao haukudumu. Rolt alitaka kwanza kulinda kazi ya wachukuzi na mifereji iliyokuwa bado inatumika, ilhali Aickman alitaka kupigania kila mfereji, hata ule uliofaa kwa matembezi tu. Mwaka 1951 Rolt aliondolewa katika chama alichosaidia kukiunda. Wakati huo alikuwa tayari ameingia katika kazi nyingine.

Reli ya Talyllyn kabla ya mwaka 1951

Reli ya Talyllyn huanzia mji wa Tywyn, kwenye pwani ya magharibi ya Wales, na kupanda bonde kuelekea milimani. Ilijengwa miaka ya 1860 ili kushusha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys, na tangu mwanzo ilichukua pia abiria. Upana kati ya reli zake mbili, yaani geji, ni milimita 686 tu. Kwa kulinganisha, Reli ya Kati ya Tanzania inayopita Manyoni na Itigi katika mkoa wa Singida ilijengwa kwa geji ya milimita 1,000.

Tangu mwaka 1911 reli na machimbo vilikuwa mali ya Sir Henry Haydn Jones, ambaye alikuwa pia mbunge wa eneo hilo hadi mwaka 1945. Machimbo yalifungwa mwishoni mwa mwaka 1946, lakini Sir Haydn aliendelea kuendesha treni za abiria wakati wa kiangazi, ingawa reli haikuleta faida. Serikali ilipotaifisha reli za nchi mwaka 1948, Talyllyn haikuwamo. Hivyo haikuwa na fedha za serikali wala mizigo ya machimbo. Uhai wake ulimtegemea mzee mmoja.

Sir Haydn alifariki mwezi Julai 1950. Kwa kawaida hatua iliyofuata ingekuwa kung'oa reli na kuuza chuma.

Kuundwa kwa chama

Rolt alikuwa ameitembelea reli hiyo kabla ya kifo cha mwenye mali. Pamoja na rafiki yake Bill Trinder, mfanyabiashara wa mji wa Banbury, aliitisha mkutano katika Hoteli ya Imperial mjini Birmingham tarehe 11 Oktoba 1950. Watu wapatao 70 walifika. Walikubaliana kuunda chama cha kuihifadhi Reli ya Talyllyn, ambacho wanachama wake wangetoa ada na, zaidi ya ada, nguvu zao.

Jambo hilo halikuwa limewahi kufanyika. Wengi waliamini kwamba reli ni kazi ya wataalamu wanaolipwa mshahara, na kwamba watu wa kawaida wanaofanya kazi mwisho wa juma hawawezi kubeba abiria kwa usalama. Mjane wa Sir Haydn alikubali kuikabidhi reli kwa kampuni maalumu iliyohusisha chama. Treni ya kwanza chini ya utaratibu mpya ilitembea tarehe 14 Mei 1951.

Miaka miwili ya umeneja

Rolt alikuwa meneja mkuu kwa misimu ya mwaka 1951 na 1952. Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya. Kati ya injini mbili za reli, zote zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, ni moja tu iliyoweza kutembea, nayo ni Dolgoch. Ikiharibika, hakuna treni.

Njia yenyewe ilikuwa tatizo kubwa zaidi. Mataruma mengi ya mbao yalikuwa yameoza, na nyasi zilikuwa zimefunika njia kiasi kwamba katika sehemu nyingi reli hazikuonekana vizuri. Nyasi zilipolowa, magurudumu ya injini yaliteleza. Hata hivyo, udongo ulioshikamana na mizizi ya nyasi hizo ulisaidia kuzuia reli zisitanuke pale ambapo mataruma hayakuwa na nguvu tena. Kwa hiyo haikutosha kufyeka tu. Ilibidi kazi ya kusafisha iende pamoja na kuweka mataruma mapya, kipande kwa kipande.

Chama kilinunua injini mbili kutoka Reli ya Corris iliyokuwa imefungwa jirani, kwa pauni 25 kila moja. Zilifaa kwa sababu geji yake ilikuwa ileile. Moja kati yake ilikuwa imetengenezwa mwaka 1921 na Kerr Stuart, kiwanda kilekile alichojifunzia Rolt. Lakini injini ya pili ilikuwa na magurudumu yenye uso mwembamba. Mahali ambapo reli zilikuwa zimeachana kuliko kipimo, magurudumu yalikosa pa kukanyaga na injini ilidondoka katikati ya njia. Ilibidi ingoje mpaka njia itengenezwe.

Kazi za ufundi wa mashine ziliongozwa mwanzoni na David Curwen, ambaye alikuwa mtengenezaji wa injini ndogo za reli za kiwango kidogo, yaani reli za bustanini. Injini iliyotoka Kerr Stuart ilifanyiwa matengenezo makubwa bila malipo na kiwanda cha Hunslet cha mjini Leeds. Wanachama walikuja wakati wa likizo na mwisho wa juma: walifyeka vichaka, walizibua mitaro, walibadilisha mataruma, walikata tiketi na kusimamia mabehewa kama magadi. Kati yao alikuwamo kasisi Wilbert Awdry, mwandishi wa hadithi za watoto za injini Thomas. Baadhi ya hadithi zake za baadaye zilitokana na reli hiyo.

Rolt aliona mapema ugumu wa kazi ya kujitolea. Watu wengi walipenda kuendesha injini, lakini wachache walipenda kuchimba mitaro kwenye mvua. Tena mtu wa kujitolea huondoka likizo yake ikiisha, ilhali reli huhitaji uangalizi kila siku. Kwa sababu hiyo reli ilibaki na wafanyakazi wachache wa kulipwa, wakiwemo wa zamani walioijua njia, na watu wa kujitolea walifanya kazi kando yao. Mpangilio huo wa makundi mawili umeendelea kutumika.

Kuenea kwa mfano wa Talyllyn

Rolt alieleza kazi hiyo katika kitabu cha Railway Adventure (1953). Mwaka huohuo ilitolewa filamu ya kuchekesha ya The Titfield Thunderbolt, ambayo wazo lake lilichochewa na Talyllyn. Reli ya Ffestiniog, pia ya Wales, ilifunguliwa upya mwaka 1955 kwa msaada wa watu wa kujitolea. Mwaka 1960 chama cha aina hiyo kilisaidia kuinunua kwenye mnada Reli ya Ravenglass na Eskdale, yenye geji ya milimita 381 tu. Leo Uingereza ina reli za kihistoria zaidi ya 100.

Katika Afrika Mashariki, njia zilizokosa mizigo hazikupata watetezi wa namna hiyo. Tawi la reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, katika mkoa wa Singida wa leo, lilijengwa miaka ya 1930 na kufungwa miaka ya 1940. Reli ya Kusini kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, iling'olewa miaka ya 1960. Uamuzi ulifuata hesabu ya mizigo na gharama. Hatua muhimu ya uhifadhi ilikuwa kufunguliwa kwa Makumbusho ya Reli ya Nairobi mwaka 1971, ambayo yametunza injini kadhaa za mvuke zilizofanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania.

Uandishi na miaka ya mwisho

Ndoa ya kwanza ya Rolt ilivunjika mwaka 1951. Baadaye alimwoa Sonia Smith, aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za mizigo wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakapata watoto wawili wa kiume. Waliishi Stanley Pontlarge, na Rolt aliishi kwa kalamu yake. Mwaka 1973 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha akiolojia ya viwanda. Alifariki tarehe 9 Mei 1974. Injini moja ya Reli ya Talyllyn imepewa jina la Tom Rolt.

Baadhi ya vitabu vyake

- Narrow Boat (1944), safari ya mifereji
- Railway Adventure (1953), kuokolewa kwa Reli ya Talyllyn
- Red for Danger (1955), historia ya ajali za reli na usalama
- Isambard Kingdom Brunel (1957), maisha ya mhandisi
- Thomas Telford (1958), maisha ya mhandisi
- George and Robert Stephenson (1960), maisha ya wahandisi baba na mwana
- Landscape with Machines (1971), sehemu ya kwanza ya maisha yake mwenyewe