Muhammed Said Abdulla: Mwanahabari aliyemzaa mpelelezi Bwana Msa

Na MWANDISHI WETU, Kitengela

KATIKA mji wa Kitengela, pale barabara ya kuelekea Kajiado na Namanga inapofurika magari na wachuuzi tangu alfajiri, riwaya kuukuu huuzwa juu ya turubai sako kwa bako na mitumba na vyombo vya nyumbani. Maduka mengi ya vitabu katika miji yetu huishi kwa vitabu vya shule. Anayetaka hadithi ya kujiburudisha huinama hapa kando ya barabara na kuchakura.

Miongoni mwa vitabu vinavyochakurwa sana ni vile vya upelelezi. Jalada huenda limetoweka na kurasa zimegeuka rangi ya chai, lakini mnunuzi hajali, mradi ukurasa wa mwisho upo. Bila ukurasa huo kitabu hakina thamani, kwa maana ndipo muuaji anapotajwa.

Swali ambalo wahakiki wamejiuliza kwa muda mrefu ni kwa nini hadithi za aina hii hazichuji. Teknolojia imebadilika, polisi wana maabara na kamera, na bado msomaji anarudi kwa mpelelezi wa zamani asiye na chochote ila macho yake na akili yake. Kwa msomaji wa Kiswahili, jibu linapatikana katika maisha ya mtu mmoja: marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwasisi wa riwaya ya upelelezi katika lugha hii.

Mwana wa Makunduchi

Abdulla alizaliwa Aprili 25, 1918, huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mahali penye mila zilizokita mizizi. Hadi leo wenyeji huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, ambapo wanaume hupigana kwa magogo ya migomba ili kumaliza uhasama wa mwaka uliopita, na kibanda huchomwa moto. Ni eneo pia lenye mizimu, yaani mapango na vichaka vinavyoheshimiwa kama makao ya pepo na kumbukumbu za wahenga.

Hata lugha ya huko ina upekee wake. Wenyeji wana lahaja yao, Kikae, ambayo mtu wa mjini Unguja huweza kuisikiliza akaachwa njiani. Lakini Abdulla aliandika kwa Kiunguja cha mjini, lahaja ambayo mwishoni mwa miaka ya 1920 iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Ndiyo sababu msomaji wa Kajiado, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kimaasai au Kikamba, huweza kumfuata bila mkalimani, ingawa mara kwa mara atakutana na msamiati na misemo itakayomtuma kwenye kamusi.

Baada ya kumaliza masomo, Abdulla hakuanza kazi kama mwandishi. Aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya ya serikali ya Zanzibar, akadumu katika kazi hiyo kwa takriban miaka kumi.

Wanaosimulia maisha yake huupita upesi muongo huo, ilhali pengine ndio unaoeleza mengi. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kutafuta chanzo. Homa inapoingia mtaani, jirani atasema ni jicho baya au jini. Mkaguzi hana budi kuuliza maji yanatoka wapi, taka zinatupwa wapi na mbu wanazaliana wapi. Anaingia katika nyumba za watu, anaona yaliyofichwa uani, na anajifunza kwamba maelezo ya kwanza anayopewa mlangoni si lazima yawe ya kweli. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi hakuwa mbali na upelelezi.

Kalamu katika meza zinazohasimiana

Mnamo 1948 Abdulla alijitosa katika uanahabari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika muongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Anayeijua historia ya Zanzibar atatua hapo kidogo. Al Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, ambayo mwaka 1954 viongozi wake walishtakiwa kwa uchochezi kutokana na maandishi ya gazeti hilo dhidi ya wakoloni. Afrika Kwetu, kwa upande wake, lilitetea maslahi ya Waafrika visiwani. Hizo zilikuwa kambi mbili ambazo uhasama wao ulizidi kukua hadi ghasia za uchaguzi za Juni 1961, zilizoua watu 68, na hatimaye Mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Mhariri aliyekaa katika meza za pande zote mbili bila shaka aliona jinsi tukio moja linavyoweza kuwa na masimulizi mawili, kila moja likiwa na mashahidi wake na viapo vyake. Huu ndio mtaji wa mwandishi wa upelelezi. Hadithi ya aina hii huanza pale ambapo watu kadhaa wanasimulia jambo moja kwa namna tofauti, na msomaji analazimika kupima nani anasema kweli, nani anakosea, na nani anadanganya kwa makusudi.

Mwaka 1958 Abdulla alihamia katika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Alikaa hapo kwa miaka kumi, akaupita uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya mwezi mmoja baadaye na Muungano na Tanganyika, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Mzimu mbele ya ushahidi

Katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957-58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake Nairobi, Abdulla alitwaa tuzo ya kwanza kwa kazi aliyoiita Mzimu wa Watu wa Kale. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960.

Kisa chake ni rahisi kukieleza. Mtu anauawa, na maiti yake inaonekana mahali panapoaminika kuwa makao ya mizimu ya wahenga. Wenyeji hawahitaji polisi. Wana jibu lao tayari. Hapo ndipo anapoingia Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa hawatukani wanaoamini mizimu wala hawahutubii. Anauliza tu maswali ambayo mzimu hauwezi kuyajibu, na polepole mkono wa binadamu unajitokeza.

Abdulla hakuficha alikochota. Bwana Msa ni ndugu wa mbali wa Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Mwingereza Arthur Conan Doyle na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Kiko ni kilekile. Najum amesimama mahali pa Dkt Watson. Na Spekta Seif, afisa wa polisi, ana nafasi kama ile ya maafisa wa London wanaohitaji kusaidiwa. Aidha, Conan Doyle mwenyewe, katika riwaya yake mashuhuri kuhusu mbwa wa kutisha wa ukoo wa Baskerville iliyoanza kutoka mwaka 1901, alikuwa amemkabili shujaa wake na imani ya jinamizi la kale ambalo mwishowe lilikuwa na mwenyewe aliyelifuga.

Hata hivyo, kumwita Abdulla mwigaji ni kumpunja. Holmes anaishi katika jiji la wageni wasiojuana, ambako alama ya matope kwenye kiatu hueleza mtu alikotoka. Bwana Msa yuko kisiwani, ambako kila mtu anamjua babu wa mwenzake. Siri huko hazikai katika viatu. Zimo katika nasaba, ndoa, urithi, na mambo ambayo wazee walikubaliana yasisemwe. Dokezo huweza kuwa neno lililotamkwa vibaya, salamu iliyokosewa, au sura ya kijana inayofanana mno na ya mtu asiyetarajiwa.

Riwaya nyingine zilifuata: Kisima cha Giningi (1968), jina linalotokana na mahali pa kutisha ambapo masimulizi ya visiwani husema wachawi hukutania, Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Mwaka 1984 ilitoka Kosa la Bwana Msa, ambayo jina lake tu latosha kumkumbusha msomaji kwamba hata mjuzi huteleza. Kadiri miaka ilivyosonga, misuko ya Abdulla ilizidi kuwa na mafundo, na fumbo likahama kutoka kwenye maiti hadi kwenye familia yenyewe.

Muhammed Said Abdulla alifariki Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 72.

Waliomfuata

Mlango alioufungua ulipitwa na wengi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Baadaye Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, wapelelezi wa mijini wenye bastola, magari na safari za ndege. Wasomaji waliwapenda, na bado wanawapenda. Lakini hao wanashinda kwa kasi na ujasiri. Bwana Msa anashinda akiwa ameketi.

Kwa miaka mingi wasomi waliitazama fasihi hii kwa jicho la pembeni. Waliipa jina la fasihi pendwa, na katika vinywa vya baadhi yao neno hilo halikuwa sifa. Ilidaiwa kuwa ni ya kupoteza wakati, haina falsafa, haijengi jamii.

Madai hayo hayasimami mbele ya kazi za Abdulla. Kwanza, hadithi ya upelelezi ya jadi ni mchezo wa haki. Mwandishi humpa msomaji vidokezo vilevile alivyo navyo mpelelezi; akishindwa kufumbua, ni kwa sababu hakuangalia vyema, si kwa sababu alifichwa. Ni fasihi chache zinazomheshimu msomaji wake kiasi hicho.

Pili, inatoa ahadi ambayo maisha hayatoi. Katika Kaunti ya Kajiado, iliyokuwa na watu 1,117,840 katika sensa ya 2019, ranchi za pamoja zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa baadaye, na vipande vikauzwa na kuuzwa tena. Si familia chache zilizobaki zikiuliza nani alitia sahihi, lini, na mbele ya nani. Kesi hukaa mahakamani hadi mashahidi wakafariki. Kwa mtu anayeishi na swali la namna hiyo, kitabu ambacho kila fundo hufunguliwa kabla ya jalada la nyuma si upuuzi. Kinamkumbusha kwamba ukweli upo, hata kama umecheleweshwa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni suala la uhai. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, katika eneo la Marani huko huko Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati kwa tuhuma za aina hiyo. Katika Kaunti ya Kilifi, wazee wamekuwa wakishambuliwa na kuuawa kwa madai ya kuroga, na mara nyingine nyuma ya madai hayo umejificha ugomvi wa shamba.

Huo ni mfano wa kisa cha Bwana Msa ukiwa umekosa Bwana Msa. Kuna msiba, kuna hofu, kuna jibu la haraka, na kuna mtu anayefaidika kimyakimya na jibu hilo. Kinachokosekana ni mtu mmoja mtulivu anayethubutu kuuliza nani alikuwa wapi, nani aliona kwa macho yake, na shamba litabaki kwa nani.

Abdulla aliandika hayo zaidi ya miaka 60 iliyopita, na hakuyaandika kama mahubiri. Aliyafunga ndani ya kisa kitamu, akijua kwamba msomaji aliyekesha akitafuta muuaji atakuwa amejizoeza, bila kuhisi, kungoja ushahidi kabla ya kunyosha kidole.

Ndiyo maana walimu, wachapishaji na wasimamizi wa maktaba za kaunti wangefanya vyema kuhakikisha riwaya hizi zinapatikana kwa vijana katika hali bora kuliko nakala zilizochanika kando ya barabara. Nyingi zilichapishwa Nairobi, hivyo kwa Wakenya si mali ya jirani. Zilipita hapa kabla ya kuenea kwingineko, na zina kazi ambayo bado haijakwisha.