Matt Talbot: Mwana Mlevi, Mama Mvumilivu na Mlango wa Uponyaji

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika parokia nyingi wapo akina baba na akina mama wanaoubeba uchungu huu kimyakimya: mtoto wao ni mtu mzima, ana nguvu na akili, lakini pombe imemfanya mtumwa. Maisha ya Matt Talbot, mfanyakazi wa kawaida wa mji wa Dublin nchini Ireland, ni shule kwa wazazi wa namna hii.

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto kumi na wawili wa Charles na Elizabeth Talbot. Familia ilikuwa maskini, ikihama mara kwa mara kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine. Baba alikuwa mnywaji, na wengi wa wanawe walifuata nyayo zake. Matt alisoma kwa muda mfupi sana. Alipofikisha umri wa miaka 12 aliajiriwa na wafanyabiashara wa vileo, na humo ndimo alimoanza kuonja mabaki ya chupa. Kabla ya kuwa kijana kamili, alikuwa tayari mlevi.

Baba yake alipogundua, alimchapa, kisha akamhamishia kwenye maghala ya bandari alikofanya kazi yeye mwenyewe, apate kumchunga. Lakini maghala hayo yalihifadhi wiski, na kijana akahama kutoka bia kwenda kwenye pombe kali zaidi. Hapa tunaona jinsi ghadhabu ya mzazi, hata ikiwa na nia njema, isivyotosha kuuponya ulevi. Fimbo humfundisha mlevi kujificha, lakini haimwondolei kiu.

Baadaye Matt alikuwa kibarua wa waashi. Alifanya kazi kwa bidii, lakini mshahara wake uliishia baa. Alikopa na hata kuweka rehani viatu vyake. Wakati mmoja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mitaani chombo chake cha kujipatia riziki, wakakiuza wanunue pombe. Dhambi hiyo ilimsumbua moyoni kwa miaka mingi.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, Matt alikaa juma zima bila kazi. Siku ya Jumamosi, siku ya mshahara, alisimama karibu na baa akiwasubiri wenzake, aliokuwa amewanunulia pombe mara nyingi. Walipita mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemkaribisha. Akageuka, akarudi nyumbani.

Elizabeth alishangaa kumwona mwanawe amerudi mapema tena akiwa na akili timamu. Baada ya chakula Matt alimweleza kwamba anataka kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama huyu alikuwa ameishi na ulevi wa mumewe na wa wanawe, na alikuwa na kila sababu ya kucheka kwa uchungu au kuanza kuhesabu makosa ya zamani. Hakufanya hivyo. Alimruhusu aende kwa jina la Mungu, akamwonya asiweke ahadi hiyo kama hana nia ya kuitimiza, kisha akamwombea nguvu za kuishika. Katika maneno machache aliunganisha baraka, ukweli na sala.

Jioni hiyo Matt alikwenda Chuo cha Msalaba Mtakatifu, Clonliffe, akaungama dhambi zake na kuweka ahadi ya miezi mitatu tu. Miezi hiyo ilikuwa ya mateso makali ya mwili na ya roho. Siku moja aliingia baa akiwa na fedha mfukoni, lakini mhudumu alikuwa na shughuli nyingi na hakumsikiliza. Matt akatoka, akaazimia kutotembea tena na fedha. Kila asubuhi kabla ya kazi alihudhuria Misa Takatifu, na jioni, saa zilizokuwa za baa, alizitumia kanisani. Miezi mitatu ikawa sita, na hatimaye ahadi ikawa ya maisha yote. Alilipa madeni yake. Alimtafuta yule mpiga fidla, na alipomkosa alitolea fedha kwa ajili ya Misa za kumwombea.

Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Baba yake alipofariki mwaka 1899, Matt aliishi na mama yake hadi mama alipoitwa na Mungu mwaka 1915. Yule aliyekuwa mzigo akawa tegemeo la uzee wa mama yake. Matt mwenyewe alifariki tarehe 7 Juni 1925, Sherehe ya Utatu Mtakatifu, akianguka njiani akielekea kwenye Misa. Mwaka 1975 Mtakatifu Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa. Masalia yake yako katika Kanisa la Mama Yetu wa Lurdi, Dublin.

Ndugu wazazi, Matt hakuwa na daktari wa kumsaidia kuacha pombe; sisi leo tunaye. Ulevi wa kupindukia ni ugonjwa unaohitaji tiba. Mtu aliyezoea pombe nyingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuchanganyikiwa na hata kufa. Kwa hiyo asiachwe apambane peke yake chumbani. Apelekwe hospitalini, na baada ya hapo asaidiwe na washauri na vikundi vya watu walioacha pombe. Sala haichukui nafasi ya dawa, wala dawa haichukui nafasi ya sala.

Zungumzeni naye akiwa hajalewa, kwa upole na bila kuficha ukweli. Msimpe fedha za pombe wala msimdanganyie mwajiri kwa niaba yake, lakini ajue kwamba siku atakapotaka kutibiwa, mtamsindikiza. Msimdai ahadi ya maisha yote siku ya kwanza. Hata Matt alianza na miezi mitatu. Akianguka tena, arudishwe kwenye matibabu.

Hamwezi kuamua kwa niaba ya mtu mzima. Elizabeth naye hakuweza, na alisubiri miaka mingi. Lakini saa ya neema ilipofika, ilimkuta akiwa tayari. Mwenyezi Mungu awajalie wazazi wote wenye uchungu huu uvumilivu wa namna hiyo.