Dakta Irving Stein na wanawake saba wa Chicago

Kibaha na Kisarawe, kama kwingineko nchini, mwanamke asiyeshika mimba huweza kuitwa mgumba kabla hata hajapimwa. Hedhi ikipotea miezi mitatu, anaambiwa karogwa. Ndevu zikimwota kidevuni, anazinyoa kwa siri. Wachache wanajua kwamba dalili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa mmoja, PCOS. Ndiyo maana leo tunamkumbuka Dakta Irving Stein.

Stein alizaliwa mwaka 1887 nchini Marekani, akawa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya Michael Reese, Chicago. Enzi hizo hapakuwa na ultrasaundi. Ili aone ovari bila kupasua, alijaza gesi tumboni mwa mgonjwa kisha akapiga eksirei. Ilikuwa njia ya usumbufu, lakini kupitia picha hizo aliona ovari zilizokuwa kubwa kuliko kawaida.

Mwaka 1935, yeye na mwenzake Michael Leventhal walichapisha taarifa za wanawake saba. Hedhi zao zilikuwa zimevurugika au kukatika, baadhi walikuwa na nywele nyingi mwilini, baadhi walikuwa wanene. Waliwafanyia upasuaji, wakakata kipande cha kila ovari. Wote saba walirudi kupata hedhi, na wawili wakashika mimba. Ugonjwa ukaitwa kwa majina ya madaktari hao wawili. Majina ya wale wanawake hatuyajui.

Tusimpambe mno. Upasuaji ule uliweza kuacha makovu ambayo nayo huzuia mimba, na kuanzia miaka ya 1960 vidonge vya kusaidia yai kupevuka vilianza kuchukua nafasi yake. Hata vile vifuko vinavyoonekana kwenye ovari si chanzo cha ugonjwa: ni mayai ambayo hayakukomaa kwa sababu homoni zimevurugika. Mvurugiko huohuo huongeza hatari ya kisukari.

Stein alifariki mwaka 1976. Hadi leo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye PCOS duniani hawajagunduliwa.

Kwa msikilizaji ambaye hedhi yake huchelewa kupita siku 35 mara kwa mara, pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Tumbi, Kibaha. Kama anatafuta mtoto, aende na mumewe, maana naye hupimwa.