Georg Brandt, aliyeitambua kobalti miaka mingi kabla ya Kolwezi

Kwenye soko la madini la Musompo, karibu na Kolwezi, ugomvi kati ya mchimbaji na mnunuzi mara nyingi hautoki kwenye kilo. Unatoka kwenye teneur. Mchimbaji anashusha mifuko ya mawe meusi, mnunuzi anaelekeza mashini ya Metorex, namba inatokea na bei inafuata. Anayebisha namba hiyo kwa kawaida hana njia ya kupima mwenyewe.

Metali hiyo inayogombewa zamani haikuhesabiwa kabisa kuwa metali. Aliyethibitisha kwamba ipo ni Mswidi, Georg Brandt.

Brandt alizaliwa tarehe 26 Juni 1694 huko Riddarhyttan, eneo la migodi. Baba yake alikuwa na mgodi na pia alitengeneza dawa, kwa hiyo mtoto alizoea tanuru na mizani mapema. Alisoma Leiden, Uholanzi, kwa mwalimu Herman Boerhaave, akapata udaktari mjini Reims, Ufaransa, mwaka 1726. Mwaka uliofuata alikabidhiwa labo ya ofisi ya serikali ya migodi mjini Stockholm. Mwaka 1730 akawa pia mpimaji wa metali kwenye kiwanda cha sarafu, kazi isiyovumilia kukisia.

Wakati huo wachimbaji wa Ujerumani walichukia aina fulani ya mawe. Ukiyachoma hupati shaba wala fedha, unapata moshi wa sumu ya aseniki tu. Walisema ni kazi ya kobold, pepo wa mgodini, na jina la kobalti limetoka hapo. Watengenezaji wa vioo waliyapenda kwa rangi yake ya buluu, lakini wengi waliamini buluu hiyo inatoka kwenye bizmuti.

Brandt hakuanza kwa kubishana. Alichukua bizmuti na ile metali nyingine, akazipitisha kwenye majaribio yaleyale. Bizmuti ilichanganyika na zebaki; nyingine ilikataa. Bizmuti iliyoyeyushwa kwa asidi, ikimiminwa kwenye maji safi, ilitoa unga mweupe; nyingine haikutoa. Zikiyeyushwa pamoja kwenye moto, hazikuungana. Na buluu ya kioo ilitoka kwa kobalti peke yake. Jaribio moja lingeweza kumdanganya; yote pamoja, hapana. Mwaka 1735 alitangaza matokeo.

Labo nzuri bado zinafanya vivyo hivyo. Kabla ya jiwe la mteja, mashini inapimwa kwa sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana. Jiwe linasagwa, linakaushwa, linachanganywa vizuri, na sehemu yake inahifadhiwa ikiwa mtu atabisha. Mashini ya mkononi inasoma uso wa jiwe tu, na unyevu unaweza kushusha namba. Kuelekeza mara moja kwenye mfuko wenye maji, hicho si kipimo.

Brandt aliandama pia matapeli waliodai kutengeneza dhahabu. Alionyesha kwamba asidi kali ya nitriki ikichemka inaweza kubeba dhahabu bila kuonekana. Ikipoa na kutikiswa, dhahabu inatokea tena. Haikuzaliwa mle, iliingizwa.

Axel Cronstedt, aliyejifunza kwake, aligundua nikeli mwaka 1751. Brandt alikufa Stockholm tarehe 29 Aprili 1768, baadhi ya wataalamu wakiwa bado na shaka juu ya kobalti. Mwaka 1780 Torbern Bergman, Mswidi mwenzake, alirudia kazi hiyo na kupata jibu lilelile.